Mantiki Haikaririwi

Miongoni mwa vijana wa Uvira, mji wa Kongo ulio ufuoni mwa ziwa Tanganyika, waliokwisha kupata lisansi, wako ambao macho yao yameelekea ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya bahari, wakitamani kuendelea na masomo ya juu ya biashara, ya sheria, ya uchumi au ya afya ya umma; na hao, kabla hawajafikia hata taabu ya nauli na ya viza, hukuta mlangoni mtihani ambao katika miaka yao yote ya shule hapana mwalimu aliyewatajia, yaani mtihani usiouliza mtu anajua nini, bali unaouliza anafikirije. Anayetaka chuo cha biashara cha Kiingereza huambiwa afanye GMAT, iliyoanza kutolewa mwaka 1954. Anayeelekea Ufaransa huambiwa afanye TAGE MAGE, yenye maswali 90 katika mafungu sita, na moja la mafungu hayo ni la hoja tupu. Na anayetamani sheria ya Marekani hukabiliwa na LSAT. Katika ile ya Kifaransa jibu sahihi huleta alama 4 na jibu la makosa huondoa alama 1, hata kubahatisha kwenyewe kuna gharama.

Swali lenyewe, likitazamwa juu juu, ni dogo. Ni aya ya sentensi tatu au nne, ambamo mtu fulani anaeleza mambo yaliyotokea kisha anakata shauri. Halafu mtahiniwa huulizwa ni lipi kati ya maelezo matano litakaloitia nguvu hoja ile, ni lipi litakaloidhoofisha, au ni dhana gani mwandishi ameisadiki bila ya kuitaja. Fungu la lugha la GMAT ya leo lina maswali 23 ya dakika 45, yaani chini ya dakika mbili kwa kila swali. Wala haielekei kwamba maswali ya namna hii yatatoweka hivi karibuni. Kwani GMAT ilipogeuzwa mwishoni mwa mwaka 2023, maswali ya kusahihisha sentensi yalifutwa na ya hoja yakabaki, na LSAT ilipoyaacha mafumbo yake ya kupanga mambo Agosti 2024, mahali pake paliwekwa fungu la pili la hoja.

Kijana wetu si mgeni wa kuchagua jibu moja kati ya mengi. Amepita katika mtihani wa serikali ambao wanafunzi huuita Exetat, nao umekuwako tangu mwaka 1967. Na mazoea aliyoyachuma huko ndiyo anayokwenda nayo katika mtihani huu mpya. Hufungua kitabu cha mazoezi, husoma swali, huchagua B, hugeuza ukurasa wa majibu, huona kwamba ni D, husikitika kidogo, kisha huendelea na swali la pili. Na baada ya mwezi mmoja wa juhudi ambayo hapana wa kuikanusha, alama zake ziko palepale zilipokuwa. Si mvivu huyu, wala si mjinga. Amefanya kazi kubwa mahali pasipo na kazi; kwa maana swali lile alilolikariri halitarudi tena, na kitakachorudi ni ule ufa ulio baina ya mambo yaliyosemwa na natija iliyotolewa, ufa ambao kila mara huvaa nguo mpya.

Fauka ya hayo, vitabu anavyosoma vimeandikwa kwa watu wengine. Aya moja inasimulia kiwanda cha mji wa kubuni, ya pili shirika la ndege linalopunguza nauli, ya tatu manispaa inayochora njia za baiskeli. Na msomaji wa Uvira hupambana kwa wakati mmoja na lugha ya kigeni, mambo ya kigeni, na saa inayomkimbiza. Anaposhindwa hawezi kujua ni lipi katika hayo matatu lililomwangusha, na asiyejua alipoangukia hawezi kujirekebisha. Rai yangu ni kwamba mambo hayo matatu yatenganishwe: zoezi la kwanza lifanywe kwa Kiswahili, juu ya mambo ya ufuo huu wa kaskazini wa Tanganyika, bila ya saa mezani, mpaka jicho limezoea kuuona ufa, ndipo kitabu cha kigeni kifunguliwe, na saa iwekwe mwisho.

Mambo hayo hayatafutwi mbali. Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, nao walikuwa wakitafuta jawabu la suala moja: je, mto Ruzizi waingia ziwani au watoka? Lau watoka, ziwa hili laweza kuwa chimbuko la Nile. Lau waingia, tamaa hiyo imekatika kwa upande wa kaskazini. Speke alikuwa ameambiwa, au alidhani ameambiwa, na Sheikh Hamed bin Sulayyim kwamba mto mkubwa hutoka ziwani upande huo. Lakini wana wa mtawala wa Uvira, ambao mto ulikuwa jirani yao, walisema kwa kauli moja kwamba Ruzizi huingia. Na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa katika msafara wao, akaongeza kwamba Sheikh naye alikuwa amesema vivyo hivyo, ila maneno yake yalifahamiwa kinyume. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele, na wasafiri wakarudi Ujiji bila ya kuuona mlango wa mto kwa macho yao.

Sasa lifuatalo ndilo lenye mafunzo. Mwaka 1864, akiwa Ulaya, Burton alirudi nyuma akashikilia kwamba Ruzizi hutoka ziwani; na miongoni mwa hoja zilizosemwa sana zama zile juu ya ziwa hili ilikuwako hii: ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji hugeuka la chumvi; maji ya Tanganyika ni matamu; basi lazima pawepo mto wa kuyatoa. Hatua hizo tatu hazina kasoro kubwa. Kasoro huingia mtu anapoongeza ya nne, kwamba mto huo ni Ruzizi. Kwani utamu wa maji unathibitisha kwamba pana njia ya kutokea, hauthibitishi kwamba njia yenyewe ni hii. Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walifika mlangoni mwa mto wakaona maji yakiingia, kama walivyosema wenyeji miaka 13 nyuma. Na mwaka 1874 msafiri Cameron akaukuta mto Lukuga, pale Kalemie ilipo leo, ukiyachukua maji ya ziwa kuyapeleka magharibi. Natija ya hatua ya tatu ilikuwa kweli, na ya nne ilikuwa uongo, ilhali zote mbili zilitegemea ithibati ileile. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini, kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha kufahamu aina ya swali ambayo huwaangusha watahiniwa wengi. Yaani lile ambalo hoja yake inaanza vizuri, inaendelea vizuri, kisha inapiga hatua moja zaidi ya ile iliyoruhusiwa na ushahidi wake.

Mfano wa pili unatuhusu kwa uchungu zaidi, maana ni wa maradhi. Uvira ni mmoja wa miji ambayo kipindupindu hakiihami, na mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake, waliolinganisha kiasi cha maji ya bomba yaliyotolewa mjini na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibia kipindupindu, tangu mwaka 2009 hadi 2014. Walikuta kwamba siku isiyo na maji ya bomba kabisa ilifuatiwa, katika siku 12 zilizokuja nyuma yake, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na maradhi hayo. Hebu tuifanye habari hiyo kuwa hoja ya mtihani, kwa ufupi wake wote: maji yakikatika, wagonjwa huongezeka; kwa hiyo kukatika kwa maji huleta wagonjwa. Kisha tuweke mbele ya msomaji maelezo matano, na tuyapime moja baada ya jingine.

La kwanza lasema kwamba kipindupindu huua upesi mgonjwa asipotibiwa. Ni kweli, tena ni kweli inayotisha, lakini hoja haikuuliza maradhi huua vipi, bali huletwa na nini. Basi kweli hii haina kazi hapa, na mtu anayeichagua amevutwa na uzito wa jambo akasahau lililoulizwa. La pili lasema kwamba mvua kubwa hujaza mto tope hata mitambo ya Regideso, shirika la maji, ikasimama, na mvua hiyohiyo huzoa uchafu wa mitaani ikautia katika maji ya wazi. Hili likisadikiwa, hoja inatikisika. Kwa sababu sasa mvua ndiyo mama wa mambo yote mawili, na kukatika kwa maji na kuongezeka kwa wagonjwa ni ndugu waliozaliwa pamoja, hapana aliyemzaa mwenziwe. La tatu lasema kwamba ongezeko la wagonjwa lilionekana zaidi katika mitaa inayotumia sana maji ya bomba kuliko katika mitaa ambayo hata bomba likitoka hutumia kidogo. Hili, kinyume cha la pili, linaitia hoja nguvu. Maana kama mvua ingalikuwa ndiyo sababu pekee, isingalichagua mitaa kwa kutazama nani ana bomba na nani hana. Na jambo hili la tatu silo la kubuni: ndivyo watafiti wale walivyokuta.

La nne lasema kwamba iko miji isiyo na maji ya bomba hata kidogo ambayo nayo ina kipindupindu. Hapa wengi hunasa, wakidhani hoja imevunjwa. Kumbe aliyesema kwamba kukatika kwa maji huleta wagonjwa hakusema kwamba hakuna kingine kiletacho wagonjwa. La tano lasema kwamba waliohesabiwa ni wenye dalili, wala si wote waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara. Hili haliivunji hoja wala haliijengi, bali linaiwekea mipaka: tuseme wagonjwa walioshukiwa, tusiseme wagonjwa wa kipindupindu; na watafiti wenyewe, kwa uaminifu wa kazi yao, waliliweka neno hilo la kushukiwa katika anwani ya makala yao. Aliyeyapima matano hayo kwa utulivu, hata kama imemchukua nusu saa, amefaidika zaidi ya yule aliyepitia maswali arobaini huku akigeuza ukurasa wa majibu.

Ndagala na mikeke nao watupe swali, kwa ufupi. Sokoni na mwaloni husemwa kwamba samaki wamepungua kwa kuwa wavuvi wamekuwa wengi na nyavu zimekuwa za macho madogo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani, chakula kilichoko vilindini hakipandi, na kwa hesabu yao jambo hilo peke yake laweza kuwa limepunguza mazao ya samaki kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakisoma matope ya chini ya ziwa, wakaona kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara ulioanza miaka ya 1950. Je, yafuata kutoka hapo kwamba nyavu hazina hatia? La hasha. Yafuata tu kwamba nyavu si sababu ya pekee wala ya kwanza. Na jibu litakalosema kwamba uvuvi haudhuru ziwa ni lile jibu tamu lililotegwa, linalokwenda mbali kuliko ithibati. Na Tanzania ilipofunga uvuvi katika upande wake wa ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mwanafunzi wa mantiki angeuliza mapema, kabla ya mavuno kuja: samaki wakiongezeka baada ya Agosti, nitajuaje kwamba ni kwa sababu ya kupumzishwa ziwa, si kwa sababu ya majira?

Nafahamu kwamba yuko atakayenipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba kanuni ya mitihani hii ni kufikiri ndani ya aya tu: yaliyoandikwa huchukuliwa kuwa kweli, na mtahiniwa haruhusiwi kuleta elimu yake ya nje, basi kumpa mtu wa Uvira maswali ya Uvira, anayoyajua mpaka kwenye mifupa, ni kumzoeza kosa lilelile analotakiwa kuliepuka. Pingamizi hili ni la haki, na mimi nalichukua kuwa ndiyo hoja kubwa kabisa ya kuunga mkono rai yangu. Kujizuia kuleta elimu ya nje ni jambo sahali mtu anaposoma habari za kiwanda asichokijua, kwa sababu hana elimu ya kuleta; hapo hajajizuia, amekosa tu. Kujizuia kwa kweli hupatikana pale ambapo mtu anajua, anataka kusema, ulimi unamwasha, na bado anajiuliza: je, aya hii imelisema hili, au nimelisema mimi? Mtoto wa mvuvi akiweza kusoma hoja mbovu juu ya ndagala, akaikubali misingi yake kwa muda wa dakika mbili, akapima natija kwa misingi hiyo peke yake, basi kiwanda cha mji wa kubuni hakitamsumbua tena.

Pingamizi la pili ni la lugha. Mtihani ni wa Kiingereza au wa Kifaransa; saa zinazotumiwa kwa Kiswahili, wasema, ni saa zilizopotea. Najibu kwamba ziko saa zinazopotea zaidi, nazo ni za yule asiyejua kama alikosea kwa kutofahamu neno au kwa kutofahamu hoja. Tofauti ya baadhi na wengi, ya huenda na lazima, ya kabla ya jambo na kwa sababu ya jambo, zote zimo katika lugha hii ambayo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imeitaja miongoni mwa lugha nne za taifa; na jicho lililojifunza kuzishika kwa Kiswahili litazitafuta hata kwa lugha ngeni. Baada ya hapo, sikatai, pana kazi ndefu ya kusoma Kiingereza kila siku, wala hapana njia ya mkato. Lakini ada ya GMAT huzidi dola 250 za Marekani, fedha ambayo nyumba nyingi za ufuoni huku haziioni kwa mwezi mzima. Na si busara kuitoa kabla mtu hajajua udhaifu wake uko wapi.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ya mantiki ni mali ya waliotunga mitihani. Aristotle aliipanga, Ibn Sina na Al-Ghazali wakaiandikia vitabu, na al-Akhdari wa Algeria, katika karne ya 16, akaitia katika mashairi ambayo wanafunzi wa madrasa katika nchi nyingi za Kiislamu wameyasoma kizazi baada ya kizazi. Na katika mabaraza ya wazee wa mkoa huu, anayeleta shitaka juu ya mpaka wa shamba au juu ya ng'ombe walioingia mahindini haachwi aseme akaondoka. Huulizwa aliona nini mwenyewe, alisikia nini kwa wengine, na alidhani nini. Maswali hayo matatu ni mantiki, hata kama hapana aliyeyaita hivyo.

Namna ya kujizoeza, basi, ninayoishauri ni hii. Wakutane vijana watatu au wanne, mara moja kwa juma. Kila mmoja alete hoja moja aliyoisikia redioni, kanisani, msikitini, sokoni au katika simu yake, aiandike kwa sentensi tatu za Kiswahili, na wenzake waseme: yaliyotolewa kuwa ushahidi ni yapi, natija ni ipi, na ni lipi lazima liwe kweli ili mtu avuke kutoka kwa yale kufika kwa hii. Kisha aliyeleta hoja atunge majibu matano, moja la haki na manne ya uongo. Maana kutunga jibu la uongo linalofanana na kweli kunafundisha kuliko kuchagua, na aliyeyatunga mwenyewe huyatambua upesi anapoyakuta kwa mwingine. Jibu la uongo karibu kila mara huwa la namna tatu: linazungumza jambo jingine lisiloulizwa, au linasema kupita kiasi, au linageuza nguvu kuwa udhaifu na udhaifu kuwa nguvu. Na daftari la kila mmoja lisiandikwe herufi ya jibu sahihi, bali liandikwe sababu iliyomfanya avutwe na lile la makosa. Walimu wa mwaka wa mwisho wa sekondari wangeweza kulianzisha zoezi hili darasani bila ya kungoja kitabu wala ruhusa ya Kinshasa, kwani halihitaji zaidi ya ubao na chaki.

Nimesema juu ya mitihani, lakini haki ya jambo inanilazimisha kusema kidogo juu ya yasiyotahiniwa. Tangu Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi Februari 2025 na serikali ya mkoa ikahamia hapa, Uvira imeishi kwa habari za simu. Na habari hizo aghalabu huwa na sura ileile ya aya ya mtihani. Watu wameonekana wakivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Gatumba, Burundi. Kwa hiyo adui yuko karibu. Lakini watu wanaovuka ni ushahidi kwamba watu wanaogopa, si ushahidi wa jambo lililowaogopesha. Na wa kwanza akivuka kwa uvumi, wa pili huvuka kwa kumwona wa kwanza, na wa tatu huhesabu wawili. Hatari zaidi ni ile hoja inayoanza na mtu mmoja wa kabila fulani aliyetenda uovu na kuishia na kabila zima. Nayo, ikiwekwa uchi mezani, ni kosa la hatua ya nne, lilelile la Ruzizi, ila safari hii gharama yake si ramani mbovu, bali ni damu ya jirani.

Hapana shaka wengi wa vijana wanaojizoeza leo hawatafika vyuo wanavyovitamani. Nafasi ni chache, fedha ni haba, na viza ina mambo yake. Mtu aliyekariri majibu, akikosa nafasi, amekosa vyote, kwa kuwa alichokibeba hakina matumizi nje ya chumba cha mtihani. Aliyejifunza kuuliza natija hii imetoka wapi ataitumia elimu yake asubuhi ya pili: katika mkutano wa mtaa, katika daftari la duka, mbele ya mganga anayeahidi kupita kiasi, na mbele ya mwanasiasa anayedai kwamba barabara imekuja kwa sababu yeye alichaguliwa. Kwa hiyo namshauri kila mwenye kitabu cha mazoezi nyumbani azifunge kwa pini kurasa za majibu, aandike hoja moja ya Uvira, na asiifungue pini hiyo mpaka aweze kumweleza mwenziwe, kwa Kiswahili fasaha, hoja yake imepasukia wapi.